Namna ya Kuoanisha Maabara Tatu Zisipatane

Hongera kwa kuteuliwa kuwa mratibu wa maabara katika utafiti wa chanjo wenye vituo vitatu. Majina ya taasisi huleta ugomvi, kwa hiyo tuviite Pwani, Bara na Ng'ambo. Vyote vina mashine ya flosaitometria, vyote vimetundika vyeti ukutani, na mfadhili ameahidiwa kwamba jibu la kituo kimoja litalinganishwa na la kingine bila wasiwasi. Ahadi hiyo iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kushika pipeti. Sasa ni juu yako kuitimiza au, kama wengi waliokutangulia, kuonekana unaitimiza. Mwongozo huu unahusu hilo la pili. La kwanza linachosha, na halina posho ya safari.

Kwa faida ya wanakamati watakaosaini bila kusoma: kwenye flosaitometria, seli za damu huchanganywa na kingamwili zilizofungwa rangi inayong'aa. Kila kingamwili hunasa alama yake juu ya seli. Kisha seli huingizwa kwenye mkondo mwembamba wa maji na kupita moja moja mbele ya leza, kama abiria wanaokaguliwa tiketi kwenye mlango mwembamba wa kivuko. Mwanga unaorudi hupokelewa, hugeuzwa umeme, kisha namba. Mack Fulwyler alitengeneza kifaa cha kuchambua seli huko Los Alamos, Marekani, na kukitangaza mwaka 1965. Leonard Herzenberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaendeleza wazo hilo hadi likaweza kutenganisha seli kwa rangi. Tangu hapo mashine zimejifunza kusoma rangi nyingi kwa mpigo. Ambacho hazijajifunza ni kujua CD4, moja ya alama hizo, ni nini. Zinapima mwanga tu. Anayeamua kwamba mwanga huu ni seli na ule ni takataka ni mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, mara nyingi ana njaa, na basi la mwisho linamsubiri. Ukilishika hili hutahangaika kutafuta pa kuficha tofauti.

Anza na waraka. Mwongozo wa kazi, ambao wote tunauita SOP, uwe na kurasa zisizopungua 60, na 40 za mwanzo ziwe za saini, matoleo na majukumu. Ukifika kwenye kazi yenyewe, tumia maneno yanayomwachia kila mtu uhuru wake. "Changanya vizuri" ni maneno mazuri. "Subiri dakika 15 hadi 30" ni mazuri zaidi, kwa sababu Pwani watasubiri 15 na Bara watasubiri 30, na wote watakuwa wametii. Lakini hakuna yanayoshinda "joto la chumba". Kwa Ng'ambo hilo ni nyuzi 20. Kwa Pwani, mwezi wa pili, umeme umekatika na jenereta inaendesha friji tu, joto la chumba ni nyuzi 33, na dawa ya kupasua seli nyekundu inafanya kazi kwa bidii ambayo mtengenezaji hakuitarajia. Usiandike namba ya nyuzi. Ukiandika, mtu atanunua kipimajoto.

Sasa njoo kwenye volti. Kila mashine ina vipokea mwanga ambavyo unyeti wake hupandishwa au kushushwa kwa volti. Njia rahisi ya kuoanisha ni kuwaomba Ng'ambo waorodheshe volti zao na kuwaagiza Pwani na Bara waziingize kama zilivyo. Jedwali litapendeza: safu tatu, namba zilezile. Kwamba kila kipokezi kimetoka kiwandani na tabia yake, kwamba leza ya Bara imezeeka, kwamba kichujio cha Pwani kilibadilishwa na fundi aliyekuja na alichokuwa nacho mkobani, hayo si ya kumweleza mfadhili. Volti 480 katika mashine moja inaweza kuifanya seli ing'ae mara mbili ya ilivyong'aa katika nyingine. Kwenye karatasi, 480 ni 480.

Jihadhari na watu wa shanga. Hawa ni wataalamu wenye vijichupa vya shanga ndogo za plastiki, za ukubwa wa seli, zilizotiwa rangi kwa kiwango kinachojulikana. Kundi la EuroFlow, lililoanza mwaka 2006 kwa ajili ya uchunguzi wa saratani za damu, lilieneza ugonjwa huu Ulaya. Wao wanaacha volti zitofautiane na kulazimisha mwanga ulingane. Wanachukua shanga za toleo moja, wanazipitisha katika kila mashine, na wanapandisha au kushusha volti hadi kilele kilichochaguliwa kiangukie pale pale kilipopangwa, Lisbon au Prague. Asubuhi inayofuata wanarudia. Wanachora grafu ya kila siku, na leza ikianza kuchoka wanaijua kabla ya mgonjwa kuijua. Ukiruhusu jambo hili, volti za vituo vyako hazitafanana hata moja, jedwali lako litaonekana chafu, na utalazimika kumweleza mkurugenzi kwa nini namba tofauti ndiyo dalili njema. Mwaka huu wa bajeti haukuruhusu.

Kama shanga zimekwisha kununuliwa, bado unaweza kuziokoa: agiza kila kituo kinunue zake, wakati wake, kwa wakala wake. Zitakuwa za matoleo tofauti, na kila mmoja atalingana na nafsi yake.

Kuhusu kingamwili, wakumbushe watu historia, lakini isiwe ndefu. Kulikuwa na wakati alama ileile ya seli iliitwa OKT4 na mtengenezaji mmoja na Leu-3 na mwingine, na maabara mbili ziliweza kubishana mwaka mzima kumbe zinazungumzia kitu kimoja. Mwaka 1982 wataalamu walikutana Paris, wakalinganisha kingamwili zao na kuanza kugawa majina ya CD. Hapo ndipo CD4 ilipopata jina lake. Tatizo la hadithi hii ni kwamba inaonyesha maabara nyingi zinaweza kukaa chini zikakubaliana. Isimulie haraka, kisha uendelee na ununuzi.

Katika ununuzi, kazi yako ni kuhakikisha kwamba jina la alama ndilo pekee linalofanana. Pwani wanunue CD4 yenye rangi moja, Bara yenye nyingine, na kila moja itokane na ukoo tofauti wa seli zinazozalisha kingamwili. Pendelea rangi za muungano, zile ambazo molekuli moja hupokea nishati ya leza na kuirusha kwa jirani yake ndiye ang'ae. PE-Cy7 ni mfano mzuri. Rangi hizi hazipendi jua, joto wala dawa za kugandisha seli. Zikidhulumiwa, muungano huvunjika, na PE huanza kung'aa peke yake kwenye njia yake. Hapo seli ambayo haina alama fulani itaonekana inayo. Mzigo uliokaa forodhani wikiendi nzima, barafu ikiyeyuka huku karani akitafuta fomu ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuisikia, utakupa aina mpya ya seli ambayo jarida lolote litafurahi kuichapisha.

Kwa kuwa kila rangi huvujisha mwanga kidogo kwenye njia ya jirani, mashine inapaswa kuambiwa ipunguze kiasi gani. Hesabu hiyo hutofautiana kwa mashine, kwa volti na kwa toleo la kingamwili. Nakili ya Ng'ambo.

Damu yenyewe inahitaji uangalifu kidogo, kwa sababu ina uwezo wa kuharibika bila msaada wako. Ichukuliwe kwenye chupa ya kofia ya zambarau, yenye EDTA. Ng'ambo wataipeleka ghorofa ya pili kwa lifti. Bara wataitia kwenye kikasha, kikasha kitapanda bodaboda, bodaboda itafika stendi, na basi litaondoka likijaa. Kipimo hiki kinataka damu ishughulikiwe ndani ya muda uliothibitishwa na mtengenezaji wa kifaa, na kiasi cha CD4 chenyewe hupungua mchana na kupanda jioni hata kwa mtu mwenye afya aliyekaa tu. Kwa hiyo saa ya kuchukua damu ni muhimu sana, na hapa lugha yetu imekupa zawadi. Muuguzi wa Bara ataandika "saa 2" akimaanisha saa mbili asubuhi, wakati jua limechomoza na chai imeiva. Mwingiza data wa Ng'ambo, kijana mwenye bidii, atasoma saa nane mchana. Damu imepungua umri kwa saa sita bila dawa yoyote. Fomu isiwe na sehemu ya kuonyesha ni saa ya aina gani. Ukiulizwa, sema mfumo ni wa kimataifa.

Kuhesabu idadi kamili ya seli kwa mikrolita moja kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutia kwenye chupa idadi inayojulikana ya shanga za kuhesabia, pamoja na damu iliyopimwa kwa makini, kisha kulinganisha seli na shanga katika mashine ileile. Ya pili ni kuchukua asilimia ya CD4 kutoka flosaitometria na kuizidisha na hesabu ya limfosaiti kutoka mashine ya picha kamili ya damu iliyoko chumba kingine, labda idara nyingine, labda yenye mkuu asiyesalimiana na wako. Chagua ya pili kwa Pwani na ya kwanza kwa Ng'ambo. Makosa ya mashine mbili yatazidishana yenyewe. Na hata ile ya kwanza ina upenyo: ikitakiwa mikrolita 50 za damu, mkono unaoongeza 5 umewaongezea wagonjwa wako asilimia 10 ya afya. Pipeti zisipelekwe kusahihishwa. Zimetutumikia vizuri.

Msomaji mwenye roho nyepesi atauliza kama haya yana madhara. Kwa miaka kadhaa hesabu ya CD4 ndiyo iliyofungua au kufunga mlango wa dawa: WHO waliweka kiwango cha CD4 350 mwaka 2010, wakapandisha hadi 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 wakasema kila mwenye VVU aanze dawa bila kungoja namba. Ila chini ya 200 bado ndiko kunakotambulisha mtu mzima ambaye maradhi yamefika mbali, anayestahili kupimwa kifua kikuu na fangasi wa ubongo kabla hajaanza kuumwa kichwa. Mtu huyohuyo, damu hiyohiyo: Pwani atapata 188, Bara atapata 214. Kituo kimoja kitamrudisha nyumbani. Lakini utafiti wako unahusu chanjo, kwa hiyo si swali la kikao hiki.

Vilevile, tumia viwango vya kawaida vya Ng'ambo kwa watu wote. Mwaka 2008 zilichapishwa tafiti mbili, moja ya Kericho na nyingine ya kusini mwa Tanzania, zilizopima watu wazima wenye afya na kuonyesha kwamba viwango vyao haviendi sawa na vile vya vitabu vya Marekani. Ukizizingatia, utapata washiriki wengi walio wazima. Ukizipuuza, utawakataa watu waliokuja kwa miguu yao kwa kosa la kuwa na damu ya nyumbani kwao, kisha utaandika kwamba usajili ulikuwa mgumu.

Nimeharakisha hadi hapa ili nifike kwenye geti, maana geti ndilo moyo wa kazi. Seli zikishapita, kompyuta inakuonyesha wingu la nukta. Mtaalamu anachora duara, ndilo geti, kuzunguka anazozitaka, na kilichomo ndani ya duara ndicho jibu. Mashine ikiwa bora, shanga zikiwa za toleo moja, kingamwili zikiwa zimekaushwa pamoja katika sahani moja kiwandani, damu ikiwa ya mtu mmoja, bado mkono wa mchoraji unaweza kurudisha kila kitu mlipoanzia. Mwaka 2005 Holden Maecker na wenzake walichapisha jaribio la kupima seli zinazotoa saitokini katika taasisi 15. Vifaa na maandalizi yalisawazishwa, na bado tofauti kati ya maabara ilikuwa wastani wa asilimia 17 hadi 44. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitoka kwenye geti. Uchambuzi ulipofanywa mahali pamoja, ilipungua. Ukiyasoma matokeo hayo kwa jicho langu utaona jinsi geti lilivyo silaha: halihitaji bajeti, halionekani kwenye ripoti, na kila mchoraji anaamini lake ndilo la asili.

Kwa hiyo usitoe picha za mfano. Usiamue mapema kama seli zilizo mpakani, zile zenye mwanga hafifu, ni za ndani au za nje. Usitake chupa za udhibiti zenye rangi zote isipokuwa moja, ambazo huonyesha mwanga wa kuvuja unaishia wapi na alama halisi inaanzia wapi; zinakula kingamwili, na kingamwili ni ghali. Mwachie kila mtaalamu achore kwa uzoefu wake. Mkongwe wa Pwani atachora duara pana kwa ukarimu, akisema seli ni seli. Kijana wa Bara, aliyefundishwa na mtu mkali, atachora jembamba. Ng'ambo watatumia programu inayochora yenyewe, na hakuna mtu aliyeifungua ndani kuangalia imefundishwa na nani. Wote watatu watakutumia asilimia yenye desimali mbili.

Desimali mbili zisikosekane. Katika utafiti wa chanjo, seli zinazoitikia zinaweza kuwa asilimia 0.05 tu. Ili upate seli 100 za aina hiyo unahitaji kupitisha seli 200,000, na hata hapo bahati peke yake itakuyumbisha kwa asilimia 10. Bara, ambako kuna foleni, wanasimamisha mashine ikifika 20,000. Hapo wana seli kumi, na bahati inawayumbisha kwa karibu theluthi nzima. Andika 0.05 bila kuandika kumi. Msomaji akiona kumi ataanza kuhesabu vidole.

Siku moja atatokea mtu. Mara nyingi ni mtaalamu mpya, binti au kijana ambaye bado hajapoteza tabia ya kuuliza. Atabisha hodi.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Karibu."

"Samahani, nilikuwa nawaza. Kwa nini tusichukue damu ya mtu mmoja, tuitie kwenye chupa zinazohifadhi seli, tuipeleke vituo vyote vitatu, kila kituo kipime siku hiyohiyo, halafu tulinganishe?"

Ukishtuka atajua. Mpongeze. Mwambie ni wazo zuri sana, alipeleke kwa maandishi kwenye kamati ndogo ya ubora, ambayo itaomba kibali cha maadili, ambacho kitahitaji mkataba wa kusafirisha sampuli nje ya nchi, ambao uko kwa mwanasheria. Kamati haina tarehe ya kikao. Kama ataongeza kwamba mafaili ghafi yanaweza kutumwa kwa mtu mmoja ayachoree mageti yote, tena ni rahisi kwa sababu muundo wa faili wa FCS upo tangu 1984 na mashine zote zinauelewa, mpeleke mafunzoni. Mafunzo marefu.

Sampuli za tathmini ya nje ya ubora zitafika hata hivyo, maana UK NEQAS kule Sheffield na mipango mingine kama hiyo hutuma damu ileile kwa maabara nyingi na kuona nani kaenda wapi. Zipokee kwa heshima wanayopewa wageni. Mpe kazi mtaalamu bora kuliko wote, hata kama yuko likizo. Fundi aje siku moja kabla. Pima mara tatu, chagua jibu linalovutia, kisha mpigie jirani simu kumsalimu na, kwa bahati tu, kuuliza yeye kapata ngapi. Damu ya mgonjwa itapimwa kesho yake, mara moja, na aliye zamu. Cheti kikija kitundike karibu na mlango.

Imebaki takwimu. Usijaribu kuonyesha kwamba vituo vinapata namba sawa. Onyesha kwamba vina uhusiano. Kama Pwani siku zote wanapata mara mbili ya Ng'ambo, kipimo cha uhusiano wa namba zao kitatoka 1.00, na hakuna mwanakamati atakayebishana na 1.00. Bland na Altman waliueleza mtego huu katika Lancet mwaka 1986, wakashauri uchorwe mchoro wa tofauti dhidi ya wastani, ambao unaanika upendeleo wa kila upande na kuonyesha unakua wapi. Makala yao ni miongoni mwa zilizonukuliwa zaidi katika tiba. Nukuu na wewe, kwenye utangulizi, halafu chora mstari mnyoofu.

Katika sehemu ya mbinu, weka mashine, kampuni na mji ilikotengenezwa. Mwaka 2008 wataalamu walikubaliana juu ya orodha ya chini ya mambo ya kuripoti, MIFlowCyt, inayotaka pia vichujio, mpangilio wa mageti na namna mwanga uliovuja ulivyopunguzwa. Ukiulizwa na mhakiki, jibu kwamba taarifa hizo zinapatikana kwa kuombwa. Barua ya kuomba ielekezwe kwa mtaalamu uliyempeleka mafunzoni.

Kisha andika sentensi moja kwenye aya ya mapungufu: "Tofauti ndogo kati ya maabara zilionekana." Usitaje ni ndogo kuliko nini.